Vibanzi vya Fundi wa Nungwi

Daladala nambari 116 huondoka mjini Unguja ikiwa imejaa, na njiani huzidi kujaa. Mahonda hupanda wanafunzi, Kinyasini hupakiwa magunia, Kivunge huteremka wanaokwenda kuwaangalia wagonjwa wao hospitali, na Mkwajuni gari husimama kwa sababu anazozijua konda peke yake. Kutoka hapo mashamba huanza kupungua. Mawe ya matumbawe hutokeza juu ya udongo, minazi huachiana nafasi, na upepo huingia dirishani na chumvi yake. Nungwi ni ncha ya kaskazini ya Unguja, kilomita zipatazo 60 kutoka mjini. Ukishaipita, mbele ni mnara wa taa na bahari.

Anayeijua Nungwi kwa picha anajua mchanga mweupe na hoteli zilizojipanga pwani tangu miaka ya 1990. Hoteli zipo, na watoto wengi wa kijiji wanapata riziki humo. Lakini baina ya ukuta wa hoteli hii na ile vimebaki vipande vya pwani vya wenyewe, na hapo ndipo vyombo vinapojengwa. Mashua na majahazi husimama mchangani yameegemezwa magogo ubavu huu na huu, mengine yakiwa yameinuliwa mkuku tu, mengine yameshavishwa mbao mpaka juu. Watalii hupita katikati yake wakienda kuogelea. Mafundi hawanyanyui kichwa.

Nilikwenda kwa ajili ya hitma. Baba wa shoga yangu, niliyesoma naye ualimu, alikuwa ametimiza arobaini. Familia imeniomba jina lake libaki nyumbani, kwa hiyo nitamwita kama pwani nzima ilivyomwita: Fundi. Mafundi Nungwi ni wengi, lakini ukisema Fundi bila ya kuongeza neno, watu wa rika fulani walijua unamkusudia nani.

Ufundi wa vyombo alifunzwa na ami yake tangu hajaota ndevu. Aliacha kushika tezo macho yalipomdhoofikia, pwani hakuiacha. Alikuwa mume wa mke mmoja, baba wa watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Tanzia ya mtu kama yeye kwa kawaida ingeishia hapo. Magazeti yetu huandika kwa urefu habari za marehemu aliyekuwa na ofisi: alianzia wapi, alipandishwa cheo lini, alistaafu akiwa nani. Fundi hana tarehe za namna hiyo, hana barua ya ajira wala ya kustaafu. Ana vyombo, na vyombo navyo havina jina lake, maana anayechagua jina na kuliandika ni mwenye chombo. Fundi akishalipwa huondoka bila ya kuacha hata herufi moja juu ya mbao. Jambo hili limenikera kwa miaka, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Hitma ilisomwa baada ya alasiri, wanaume msikitini, sisi wanawake ndani ya nyumba. Juzuu ziligawiwa, ubani ukapita mkono kwa mkono, na baada ya dua ikaja kahawa, halua, kisha wali. Mama mwenyewe alikuwa bado katika eda. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Hatoki ovyo, hajipambi, hajitii manukato. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, kajifunga nguo nyeupe, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Wanawake walimpa pole kwa maneno tunayoyajua sote, naye akajibu kwa maneno tunayoyajua sote. Kisha jirani mmoja akasema kwamba Fundi alikuwa hodari, hakuna chombo kilichomshinda.

"Mie pwani sikwenda kumtazama hata siku moja," mama akasema. "Vyombo vyake nimevijulia jikoni."

Watu wakanyamaza wamsikilize. Fundi, tangu walipooana mpaka alipoacha kazi, kila jioni alirudi na gunia la vibanzi. Ndizo zilizokuwa kuni za nyumba hii. Mama alipikia vibanzi ujauzito wa mtoto wa kwanza na alipikia vibanzi harusi ya binti wa mwisho. Na kwa kuwa alivimimina mwenyewe chini, akavichambua, akavipanga baina ya mafiga, alijua chombo kimefika wapi bila ya mtu kumwambia.

Akatuhesabia. Vikija vibanzi vinene, vizito, vyekundu kuelekea udongo, hiyo ni mbambakofi, basi wamelaza mkuku. Vibanzi hivyo huwaka polepole na moto wake hudumu, na siku hizo nyumba hii hupika maharage. Yakija maranda membamba yaliyojikunja, wanapiga randa mbao za ubavuni. Hayo huwaka mara moja na kuzimika, yanatosha chai. Vikija vipande vya manjano vilivyopindapinda, huo ni mfenesi, wameshaanza kuchonga mataruma. Kisha inafika wiki gunia linakuja tupu. Fundi mwenyewe anaingia ananuka mafuta, vidole vinateleza, na mama anajua kuwa sasa ni kalafati, tezo limewekwa chini.

"Hapo tena tunanunua makaa," akasema. "Na watoto wakiona makaa wanafurahi, maana wanajua chombo kinakaribia kushuliwa na baba yao atalipwa."

Nilimtazama shoga yangu. Alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Miaka yote tuliyojuana aliwahi kunieleza mengi juu ya baba yake: kwamba alimchongea kila mtoto ngalawa ya kuchezea, wanawake kwa wanaume, na mama akateta kuwa binti hatakiwi kwenda kushindana na wavulana majini, na baba akajibu kuwa ngalawa haiulizi nani kaishika. Hili la jikoni hakuwahi kunieleza. Labda kwao lilikuwa jambo la kila siku mno hata lisistahiki kusimuliwa.

Mama aliendelea, na sasa sauti ilipungua. Ulikuwepo mwaka mmoja ambao vibanzi havikuja kabisa. Tajiri mmoja alileta mbao mbichi na fedha taslimu, akataka mashua kabla ya kaskazi. Fundi alizipima mbao kwa mkono, akazirudisha. Mbao mbichi ikishakauka hunywea, ikinywea maungo hufunguka, na maungo yakifunguka pamba hutoka na maji yanaingia. Tajiri akasema hasara ni yake. Fundi akasema hasara ni ya mabaharia. Kazi ikaenda kwa mwengine, na nyumba hii ikala muhogo, asubuhi kwa chumvi na jioni kwa nazi, mpaka ilipokuja kazi nyengine.

"Nilimkasirikia," mama akasema. "Msidhani nilimsifu. Nina watoto wadogo, yeye ananambia habari za mabaharia ambao hata sijawaona. Nilikaa kimya siku nyingi."

Mmoja akamuuliza kama ile mashua ilizama.

"Sijui. Sikuuliza, na yeye hakutaja. Alikuwa hapendi kuambiwa kuwa alisema kweli."

Hayo ndiyo niliyoyasikia ndani. Ya nje nilionyeshwa kesho yake asubuhi na mtoto wa kiume mkubwa, ambaye pamoja na mdogo wake wameirithi kazi. Pwani ile ya asubuhi ina kelele nyingi: wavuvi wanarudi, mnada wa samaki unaanza, bei zinapigiwa ukelele, na nyuma ya yote hayo nyundo. Ndugu hawa wana vyombo viwili mchangani. Kimoja ni mashua ya kuvulia, imekwisha mbao na ipo kwenye kalafati. Cha pili kimefika kwenye mataruma, nacho ni cha hoteli, kitakuwa kinawachukua wageni kutazama jua linavyotua. Nilimuuliza kama hilo halimsikitishi, kujenga jahazi la kutazamia jua. Akasema la hasha. Hoteli inalipa kwa wakati, na bahari haijui nani yumo ndani. Chombo cha wageni nacho lazima kisivuje. Baba yao alivijenga viwili vya namna hiyo kabla ya macho kumchosha, na hakuvipunguzia hata msumari.

Hakuna mchoro popote. Anayefika na kutafuta karatasi ya vipimo hataipata. Hulazwa kwanza mkuku, husimamishwa gubeti mbele na fashini nyuma, kisha hupandishwa mbao za chini, na umbo la chombo kizima limo ndani ya jicho la fundi tangu siku ile. Mataruma huja baada ya mbao, na hapa ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi, juu ya gogo, nikitazama.

Taruma ni ubavu wa chombo. Haliwezi kutoka kwenye mti ulionyooka kwa kulipinda. Hutafutwa tawi lililojipinda lenyewe, la mfenesi, la muembe au la mtondoo, ambalo nyuzi zake zinafuata mkunjo ule ule. Mbao ndefu za ubavuni hutoka bara, lakini miti hii ya kupinda inapatikana Unguja, na Fundi alikuwa akizunguka mashambani akiitazama ingali imesimama. Binti yake alinambia kuwa kwenda naye mahali kwa miguu ilikuwa shida, kwa sababu alisimama chini ya kila muembe, akanyanyua kichwa, akaonyesha kwa kidole: lile ni la tezi, lile ni la katikati, lile tuliache likue.

Kaka mkubwa alichukua tawi la mfenesi lililokwisha kuchongwa kidogo, akalipachika ndani ya chombo, akapiga magoti na kutazama pale linapokutana na mbao. Mwanga ulikuwa unapita. Akalitoa, akalikalia, akashika tezo. Tezo ni shoka lililogeuzwa: makali yamelala kukuelekea, na fundi huchonga akijivutia, chuma kikipita karibu na unyayo wake mtupu kiasi cha kukutia baridi. Vibanzi viliruka, vya manjano, kila kimoja unene sawa na mwenzake. Mapigo matatu, manne, akasita, akapapasa kwa dole gumba. Akalirudisha. Mwanga bado, ila mwembamba. Akalitoa tena. Alifanya hivyo mara nyingi bila ya kuonyesha kuchoka wala haraka, hadi alipopiga magoti na kusimama bila ya kusema kitu. Nami nikapiga magoti. Taruma na mbao zilikuwa zimekumbatiana tangu juu hadi chini, hapakuwa na pa kupitisha hata ukucha.

"Baba angelitoa mara moja tena," akasema.

Nilidhani anasema kwa unyenyekevu tu. Akanionyesha kwa kidole mahali ambapo nyuzi za mti zilikuwa zimekatwa kidogo kuliko zinavyotakiwa. Sikuona. Yeye aliona, na nilimwamini.

Kwenye ile mashua ya kuvulia vijana walikuwa kwenye kalafati. Pamba husokotwa ikawa kamba nyembamba, ikachovywa mafuta, kisha ikashindiliwa ndani ya maungo ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Kazi hii ndiyo inayokigeuza kitu cha mbao kuwa chombo cha majini. Misumari inashika, lakini kinachozuia maji ni pamba. Pamba ya Fundi ilisokotwa na mkewe, usiku, juu ya paja, baada ya watoto kulala. Jambo hili nalo nililijua siku ile, kwa kuwa kaka alilitaja kama mtu anayetaja ilipo chumvi.

Baada ya kalafati hufuata sehemu ya chini, ile itakayokaa majini, ambayo hupakwa shahamu, mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasiitoboe mbao. Siku za nyuma sehemu za juu zilikuwa zikipakwa sifa, mafuta ya papa, na harufu yake, kila aliyewahi kupanda jahazi anaijua, haihitaji maelezo.

Karibu na mashua hiyo kuna banda la makuti, na chini yake kiti cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia tulipokuwapo. Ndipo Fundi alipomalizia miaka yake. Mtoto wa jicho ulimwanza jicho la kushoto, akapasuliwa mjini, akapata kuona watu na njia, lakini hakuweza tena kuona uzi uliovutwa juu ya mbao. Alipolijua hilo alimkabidhi mwanawe tezo siku hiyo hiyo, wala hakusubiri aambiwe. Wapo mafundi wanaong'ang'ania mpaka wanaharibu kazi, na wapo wanaoingia ndani wakafunga mlango. Yeye alivuta kiti akakaa hapa, na akaanza kufanya kazi kwa masikio.

Kalafati ina sauti. Pamba ikiwa bado haijajaa, nyundo hutoa mlio mzito, wa kufa. Ungo likishajaa, mlio unapanda na kulia, na mbao nzima inauitikia. Fundi alikuwa amekaa hapo, uso ameuelekeza baharini, na kijana akisogeza patasi mbele kabla ya wakati, sauti ilitoka bandani: "Rudi." Kijana anarudi. "Tena." Mmoja wa vijana hao, ambaye sasa ana ndevu zake, alinambia kuwa mwanzo alikuwa akichukia neno lile kuliko jua. Kisha akaniita nisogee, akapiga ili nisikie. Alipiga pahala pasipojaa, akapiga palipojaa. Sikio langu, ambalo halina ufundi wowote, lilisikia tofauti. Akaniangalia kwa furaha kubwa, nikajua kwamba aliyenifundisha pale hakuwa yeye peke yake.

Ipo safari moja ya Fundi ambayo nyumbani kwao huisimulia mara kwa mara. Shoga yangu alimchukua mjini, kwenye jumba la Beit el Ajaib, kuuona mtepe. Mtepe ni chombo cha kale cha pwani hii, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, na kikapotea baharini katika karne ya 20. Mwaka 2003 ulijengwa mfano wake wa ukubwa kamili, ukawekwa ndani ya jumba lile. Fundi hakutaka kusomewa maelezo ya ukutani. Aliuzunguka mtepe polepole, mkono mmoja nyuma, mkono wa pili ukienda juu ya mishono, akachutama kutazama ndani. Binti alidhani atastaajabu. Alipomaliza akasema kuwa kazi ni nzuri, ila angependa kumuona mwenye kazi hii akiwa na haraka, maana chombo hiki hakiwezi kujengwa na mtu mwenye haraka. Kisha akauliza wapi wanapata chai. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Habari ilipofika Nungwi, swali lake la kwanza lilikuwa la watu, la pili la mtepe.

Sasa nisimulie la madeni, kwa sababu ni sehemu ya mtu. Kwetu, maiti haijafika kaburini familia hutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Kwa Fundi walijitokeza wachache, muuza misumari mmoja na mwenye duka la rangi, wakalipwa. Lakini baada ya wiki akaja mvuvi kutoka Mkokotoni, akakaa barazani, akasema yeye hadai, anadaiwa. Fundi alimbadilishia mbao mbili za mashua yake zilizoliwa na wadudu, katika msimu ambao samaki walikuwa hawapatikani, akamwambia atalipa bahari ikifunguka. Bahari ilifunguka na Fundi hakumkumbusha. Watoto hawakuwa na habari ya deni hilo, wala halikuandikwa popote. Mvuvi alitoa fedha zimefungwa kwenye kitambaa, akaziweka juu ya mkeka mbele ya kaka mkubwa, akaomba radhi kwa kuchelewa. Mimi ninaliandika deni hili mahali pa cheo ambacho Fundi hakuwa nacho.

Fedha hizo ziliingia katika mirathi, na mirathi iligawiwa siku ya pili ya kuwapo kwangu. Kabla ya hapo sikuwahi kuona mirathi ya fundi ikigawiwa. Nyumba waliamua isiuzwe. Kilichobaki kilikuwa fedha kidogo na sanduku la vyombo vya kazi. Sheikh alikaa barazani na watoto wa kiume. Mama na mabinti walikuwa ndani, pazia limeteremshwa, wakisikia kila neno, nami niko nao. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mke anapata thumuni, moja ya nane. Kilichobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Wanaume wawili ni mafungu manne, wanawake watatu ni matatu, jumla saba, na saba ndiyo iliyobaki katika nane. Hesabu ikakaa sawa bila ya kukatakata: kila mtoto wa kike thumuni, kila wa kiume thumuni mbili, na mama thumuni yake. Sheikh mwenyewe alifurahi, akasema si kila siku anapata hesabu iliyonyooka namna hii.

Kugawa fedha kulikwisha upesi. Sanduku ndilo lililotaka muda. Aliitwa mzee mmoja, fundi mwenzake marehemu, atie bei. Akavitoa kimoja kimoja na kuvitaja kwa sauti ili walio ndani wasikie: tezo kubwa, tezo dogo, keekee na upinde wake, misumeno miwili, patasi, randa, shoka, uzi wa kupimia, nyundo ya chuma, nyundo ya kalafati. Kila kitu alikigeuza mkononi kabla ya kutamka bei. Tezo kubwa alilishika kwa muda mrefu. Mpini wake ulikuwa umelika pale mkono wa kulia unaposhika, umekuwa na bonde, na mzee alipoweka mkono wake pale haukukaa. Akataja bei, kisha akaipunguza, kisha akasema kuwa dukani mtu angelitoa kidogo na yeye hawezi kusema zaidi ya hapo. Nilimsikia akisafisha koo.

Mabinti wangeweza kuchukua fedha na kuwaachia ndugu zao sanduku, na ndivyo kila mtu alivyotaraji. Wawili walifanya hivyo. Shoga yangu aliutaka uzi. Ni uzi tu, umejaa masizi, umezungushwa kwenye kijiti, thamani yake haifiki nauli ya daladala. Huvutwa juu ya mbao, ukanyanyuliwa katikati na kuachiwa, ukaacha mstari mweusi. Kaka yake mdogo alisema mara moja: "Uzi wako, dada. Na fedha yako chukua vile vile." Sheikh akasema la, uingie kwenye hesabu kama vitu vyote, ili asiwepo wa kudaiwa kesho. Ukaingia.

Kisha mama akazungumza kutoka ndani.

"Na mie katika thumuni yangu niandikieni nyundo ya kalafati."

Nje pakawa kimya. Kaka mkubwa akasogea karibu ya pazia. "Mama, ile ndiyo tunayofanyia kazi. Mashua iko katikati."

"Najua iko wapi mashua. Pamba niliyosokota inapigwa na nyundo ile tangu hujazaliwa. Niandikieni."

"Na kazi?"

"Mtakuja kuiazima. Asubuhi mnapiga hodi, mnaichukua, jioni mnairudisha. Mimi eda yangu haijesha, siendi popote."

Nilitazama chini nisionekane ninavyotabasamu. Sheikh alimuuliza kaka kama ana neno. Hakuwa nalo. Nyundo ikaandikwa ya mama, na mzee aliitia bei ndogo kuliko patasi, kwa kuwa ni mbao tupu iliyotiwa pete za chuma.

Siku niliyokuwa ninaondoka nilimkuta kaka mkubwa ameshapiga hodi alfajiri na kuichukua nyundo. Gari langu lilikuwa la jioni, nikaona na marejeo yake. Aliingia uani kabla ya magharibi, nyundo mkono huu na gunia la vibanzi mkono wa pili, jambo ambalo, kwa mujibu wa dada yake, hakulifanya tangu baba yao alipoanza kuumwa, kwani nyumba ina jiko la gesi siku hizi. Akasalimia, "Shikamoo mama," akaiweka nyundo mlangoni, akalimimina gunia karibu ya mafiga.

Mama aliitikia, akavuta kigoda, akakaa mbele ya vibanzi. Vilikuwa vya manjano, vile vile nilivyoviona vikiruka pwani, na vyengine kidogo vyekundu. Akavitawanya kwa kiganja. Akaokota kimoja cha manjano akakivunja, kikakatika kwa mlio. Akaokota chekundu akakivunja, hakikukatika. Kilipinda, akakipinda upande wa pili, kikawa na unyevunyevu pale kilipochanika. Akakinusa, kisha akamnyooshea mwanawe.

"Hii mbao mbichi. Mmeinunua kwa nani?"

Kaka akaanza kueleza: ni mbao moja tu, ya juu kabisa, si ya majini, wa hoteli ana haraka, na muuzaji aliapa kuwa imekaa ghalani mwaka mzima. Mama alimwacha amalize yote. Kisha akamwambia akae kwanza anywe chai, na akishakunywa ende akaitoe kabla giza halijaingia.